Nyuzi 33 za Nani?

Wasee, leo tuongee kuhusu joto. Najua mtasema hiyo ni stori ya kila mwaka, na ni kweli. Desemba kaskazi inaanza kuvuma, Januari jua linakaza, Februari unalala juu ya sakafu, na Machi upepo wenyewe unachoka na Mombasa nzima inageuka sufuria iliyofunikwa. Kila mtu anaposti jasho lake, memes zinazunguka, wageni wa kutoka bara wanauliza kama hapa ndipo jehanamu ilipo na ofisi ya tawi, tunacheka, halafu mvua za Aprili zinafika na tunasahau mpaka mwaka ujao.

Mimi kucheka nacheka. Lakini msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ili usisome mpaka mwisho ukitafuta point: joto la Pwani ni janga kama mafuriko, isipokuwa halina picha nzuri ya kuwekwa kwenye habari. Na utabiri tunaopewa, hata ukiwa sahihi kabisa, haujaandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi chini ya mabati Kisauni, Bangladesh ya Mikindani ama Likoni. Umeandikwa kwa ajili ya kipimajoto.

Hebu nieleze.

Ukisikia "Mombasa leo nyuzi 33", hiyo 33 imepimwa wapi? Sio stegi ya matatu. Sio jikoni kwa mama ntilie. Wataalamu wa hali ya hewa dunia nzima wana utaratibu mmoja: kipimajoto kinawekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye pande za vibao kama luva, hewa ipite, jua lisikiguse. Kinakaa kati ya mita moja na robo na mita mbili kutoka chini, mahali pa wazi, mara nyingi juu ya nyasi. Yaani nyuzi 33 ni joto la kivulini, penye upepo, penye nyasi. Na wako sahihi kufanya hivyo, kwa sababu usipopima kwa njia moja kila mahali huwezi kulinganisha Mombasa na Garissa, wala 1990 na 2025.

Lakini sasa niambie, wewe mara ya mwisho ulikaa kivulini penye upepo juu ya nyasi lini? Dereva wa tuktuk amekalia injini. Jamaa wa mjengo anashika chuma kilichoota jua tangu asubuhi. Mamangu anauza viazi karai na bajia, ana karai la mafuta yanayochemka mbele yake na bati juu ya kichwa chake. Ukimwambia leo ni nyuzi 33 atakuuliza, "Za nani?"

Hilo ni swali la kwanza. Swali la pili ni unyevu.

Mwili wa binadamu una feni yake, na inaitwa jasho. Wengi tunadhani jasho likishatoka basi kazi imekwisha. Hapana. Jasho linakupoza pale linapokauka juu ya ngozi, kwa sababu likigeuka mvuke linabeba joto na kuondoka nalo. Sasa hewa ikiwa tayari imejaa maji, jasho halina pa kwenda. Linateremka tu mgongoni, shati linaganda, unapoteza maji na chumvi, na hupoi. Unalipa nauli halafu gari halisongi.

Ndiyo maana mtu wa Lodwar na mtu wa Mombasa hawaongei kuhusu kitu kimoja wakisema "joto". Lodwar kipimajoto kinapita 35 mara kwa mara, lakini hewa ni kavu, na ukipata kivuli na maji mwili unafanya kazi yake. Mombasa namba ni ndogo na mateso ni ya aina nyingine. Wamarekani wana jedwali la kukokotoa joto linalohisiwa na mwili. Chukua nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 40: mwili unahisi kama 33. Chukua nyuzi 32 hizo hizo, sasa weka unyevu wa asilimia 70: mwili unahisi kama 41. Namba kwenye simu yako haijabadilika hata kidogo. Wewe ndiye umebadilika. Na jedwali hilo pia ni la kivulini. Wenyewe wanasema ukisimama juani moja kwa moja unaweza kuongeza hadi nyuzi 8 hivi.

Kuna mpaka kabisa ambao mwili hauwezi kuuvuka. Wanasayansi wanaupima kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, kwa hivyo kinaonyesha joto na unyevu kwa pamoja. Mwaka 2010 watafiti wawili, Steven Sherwood na Matthew Huber, walisema mpaka wa mwisho ni nyuzi 35 za kipimo hicho. Ukikaa hapo saa kadhaa, hata ukiwa kivulini na maji tele, huna njia ya kupoa. Mwaka 2022 watafiti wa Penn State kule Marekani waliwapima vijana wenye afya nzuri, watu wa rika letu, na wakakuta mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, kwenye 31 hivi penye unyevu mwingi. Vijana wenye afya. Sasa weka hapo nyanya yako mwenye sukari.

Swali la tatu ni usiku, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu haliongelewi kabisa. Utabiri unatangaza joto la juu la mchana kwa herufi kubwa na la usiku kwa herufi ndogo. Lakini mwili unapumzika usiku. Mombasa miezi hiyo usiku hauteremki sana chini ya 25, na hiyo tena ni ya nje. Ndani ya nyumba ya tofali za simiti yenye dirisha moja, ukuta uliomeza jua mchana kutwa unaanza kulitapika saa mbili za usiku. Hulali. Mtoto halali. Asubuhi saa kumi na moja unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na unaenda kazini kuanza siku ya pili ya joto ukiwa bado unadaiwa ya kwanza. Siku ya tatu, ya nne, deni linaongezeka. Wimbi la joto linaua kwa njia hiyo, kwa kukusanya.

Na kwa nini Februari na Machi? Hakuna uchawi hapo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua linapotoka kusini kurudi kaskazini linapita utosini mwetu karibu tarehe 10 Machi. Wakati huo huo kaskazi imepungua nguvu na kusi haijaanza. Bahari nayo iko kwenye joto lake la juu la mwaka, inapika mvuke na kutuletea. Jua juu, upepo hakuna, unyevu tele. Mabaharia wa zamani walijua kalenda hii bila apu. Jahazi zilipanga safari za kwenda na kurudi Arabuni kwa hizo pepo.

Nimeitaja kalenda kwa sababu nataka mkamate kitu. Sehemu kubwa ya janga hili inajulikana miezi kabla. Mafuriko yanaweza kukushtukia usiku mmoja. Kaskazi inakuja kila mwaka. Halafu juu ya hilo, wimbi lenyewe la joto ni mojawapo ya hatari ambazo wanasayansi wanaweza kuziona mapema. Kompyuta kubwa zinapewa vipimo vya sasa vya hewa, bahari, upepo na mawingu, zinaendesha hesabu mbele, mara nyingi zikiwa na mianzo tofauti kidogo. Kama majibu mengi yanaelekea upande mmoja, mtabiri anapata uhakika wa siku tano, saba, wakati mwingine zaidi. Mvua ya radi itakayonyesha Nyali na kuiruka Changamwe ni ngumu kuitabiri. Wiki ya hewa iliyosimama na bahari moto ni rahisi zaidi.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya, wale wa Dagoretti Corner, wanatoa utabiri wa siku chache, wa wiki, wa mwezi na wa msimu. Kwa hivyo sisemi kazi haifanywi. Shida yangu ni safari ya ile taarifa kutoka kwenye faili mpaka kwa jamaa wa mkokoteni. Inaandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, inawekwa kwenye PDF, inasomwa kwenye runinga kwa sekunde 40 baada ya michezo, ikisema "hali ya jua na joto katika ukanda wa Pwani". Sasa mimi na hiyo habari nifanye nini? Nivae nini? Nifunge biashara saa ngapi? Nimpigie nani?

Linganisha na simu yako. Ukiiacha juani ukirekodi, inakuandikia imepata joto kupita kiasi, inapunguza mwanga, halafu inajizima yenyewe ijiokoe. Wanaoshuti kontenti mchana wanaijua hiyo skrini vizuri. Kifaa cha elfu kumi na tano kina onyo na kina mpango. Mtu aliyekishika hana.

Sasa nakuja kwa ile sentensi inayonikera kuliko zote: "Watu wa Pwani wamezoea." Tunaambiwa na wa bara, na sisi wenyewe tunajiambia kwa kujigamba. Kuzoea kupo, siwezi kukataa. Mwili ukikaa kwenye joto wiki moja au mbili unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo. Lakini kuzoea kuna dari. Matumbawe ya bahari yetu yameishi kwenye maji moto maelfu ya miaka, hakuna aliyezoea kuliko wao, na mwaka 1998 bahari ilipopanda joto kwa wiki kadhaa yaligeuka meupe na mengi yakafa, hapa Kenya na Bahari Hindi nzima. Kuzoea hakumaanishi huumii. Wakati mwingine maana yake ni kwamba umeacha kulalamika.

Na ukiacha kulalamika, huhesabiwi. Mwaka 2020 Luke Harrington na Friederike Otto waliandika katika jarida la Nature Climate Change kuhusu daftari kubwa la kimataifa la majanga. Tangu mwanzo wa karne ya 20, daftari hilo lilikuwa limeandika mawimbi mawili tu ya joto kwa Afrika yote kusini mwa Sahara, na vifo 71. Miaka mia na zaidi, bara zima, watu 71. Ulaya katika miaka 40 ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000. Mnaamini kweli kwamba Afrika ina baridi kuliko Ulaya? Tofauti ni kwamba wao wanahesabu. Ufaransa mwaka 2003 ilipoteza watu karibu 15,000 katika wiki chache za Agosti, na walijua kwa sababu waliangalia idadi ya vifo vya kawaida, wakaona ile ya ziada, wakauliza imetoka wapi. Hapa kwetu mzee akifa Machi, cheti kinasema moyo, presha au figo. Si uongo, moyo ndio uliosimama. Lakini hakuna aliyeuliza chumba alicholala kilikuwa na joto gani usiku wa tatu mfululizo.

Bila hesabu hakuna bajeti. Bila bajeti hakuna onyo. Bila onyo tunarudi kwa "tumezoea". Huo mduara ndio nataka tuuvunje.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Wewe uliacha kampasi mwaka wa pili, unatufundisha sayansi gani?" Sawa kabisa. Niliacha, karo haikutosha. Lakini joto halikuuliza cheti changu, na wewe uliye na digrii unalala kwenye keja ya mabati kama mimi. Tuendelee.

Mwingine atasema serikali haina pesa. Hapo ndipo napenda kuangalia wenzetu, kwa sababu mambo mengi yaliyofanya kazi ni ya bei ya chini.

Ahmedabad, India. Mei 2010 walipigwa na joto la karibu nyuzi 47, na watafiti baadaye walihesabu vifo 1,344 vya ziada mwezi huo mmoja. Mwaka 2013 jiji likaanza mpango wa joto, wa kwanza katika Asia ya Kusini. Walifanya nini? Maonyo ya rangi: njano, chungwa, nyekundu. Ujumbe kwenye simu. Wahudumu wa afya wakafunzwa dalili. Sehemu za maji ya kunywa. Paa za nyumba za mitaa ya watu wa chini zikapakwa chokaa na rangi nyeupe zirudishe jua. Utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba vifo zaidi ya 1,100 kwa mwaka viliepukwa. Chokaa, wasee. Hatuongelei roketi.

Freetown, Sierra Leone. Mwaka 2021 walimteua Eugenia Kargbo kuwa afisa mkuu wa joto wa jiji, wa kwanza Afrika, na moja ya kazi za kwanza ilikuwa kuwawekea wanawake wa sokoni vivuli juu ya vibanda vyao. Mombasa nasi tuna Kongowea na Marikiti. Kazi ya mtu kama huyo hapa ingeanza hapo.

Na Ghuba, ambako nusu ya mtaa wetu ina ndugu. Sheria zao zina matatizo mengi, na wenzetu waliorudi wana stori nzito. Lakini angalia hili: Falme za Kiarabu zinakataza kazi ya juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba. Qatar tangu 2021 inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni hadi katikati ya Septemba, na kipimo cha joto na unyevu kikipita 32.1 kazi inasimama saa yoyote ile. Kwa hivyo Mkenya akibeba simiti Doha ana saa za kupumzika kisheria. Mkenya huyo huyo akibeba simiti Bamburi mwezi wa Machi, anategemea huruma ya msimamizi. Hilo linaniingia vibaya.

Halafu cha kuchekesha ni kwamba sisi wenyewe tulikuwa na majibu. Nenda Mji wa Kale mchana wa saa nane. Vichochoro vyembamba vinajipa kivuli. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, ua katikati ya nyumba, madirisha yanayopitisha upepo bila kuonyesha watu wa ndani, baraza mbele ya mlango. Hizo ni hesabu za watu waliokuwa wanaishi na joto hili bila stima. Paa la makuti linapitisha hewa. Kanzu, kikoi, dera, leso: nguo pana za kuruhusu upepo. Leo tunajenga sanduku la simiti, tunaezeka bati bila dari, tunakata mwembe ili gari lipate pa kuegeshwa, halafu tunanunua feni ya kuzungusha hewa moto. Mwenye uwezo anaweka kiyoyozi, kinachomtapikia jirani joto kupitia ukutani.

Na shule. Kalenda yetu inaweka muhula wa kwanza Januari hadi Aprili mapema. Nairobi hakuna neno. Pwani huo ndio moyo wa joto. Shule niliyosomea, sitaitaja, darasa lilikuwa na zaidi ya watu sitini chini ya bati, na tai ilikuwa lazima. Tai, Mombasa, Machi. Ukilegeza unaitwa mtovu wa nidhamu. Sudan Kusini, majirani zetu, walifunga shule Machi 2024 kwa sababu ya joto, na wakafunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai. Sitaki tufike huko. Nataka tuanze na tai.

Ongeza Ramadhani. Inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na miaka hii imeangukia Machi na Februari, katikati ya kaskazi. Sehemu kubwa ya mji inashinda bila maji kutoka alfajiri hadi magharibi kwenye miezi yenye jasho kuliko zote. Hapo ndipo utabiri wa wiki una maana. Mwenye kiwanda akijua Jumanne hadi Ijumaa ni mbaya, anaweza kuhamisha kazi nzito usiku baada ya futari. Imamu akijua, anaweza kuwakumbusha wazee na wagonjwa kwenye khutba ya Ijumaa kwamba dini yenyewe imewapa ruhusa ya kula.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na nayaweka wazi ili mnipinge vizuri.

Moja, utabiri wa Pwani utangazwe kwa joto linalohisiwa, pamoja na unyevu na joto la usiku. Usitupe 33 ukanyamaza.

Mbili, uwe na rangi, na kila rangi iwe na kitendo. Njano: kunywa maji, mtazame jirani mzee. Chungwa: kazi ya juani isimame saa sita hadi saa tisa, tai na sweta zivuliwe. Nyekundu: watoto wakae nyumbani, zahanati ziongeze watu. Kiwango cha kila rangi kiwekwe kwa kuangalia mwili wa mtu wa Mombasa. Hapa joto halirukiruki kama Ulaya. Siku ya kawaida na siku ya kuua zinaweza kutofautiana nyuzi mbili tatu na unyevu. Ukisubiri 40 ndiyo utangaze, hutatangaza kamwe.

Tatu, itoke kwa Kiswahili cha watu, kwa sauti, mahali watu walipo: vikundi vya WhatsApp vya mtaa, spika za misikiti na makanisa, redio za Pwani, makondakta. Na hapa sisi wa kontenti tusijitoe. Tuna wafuasi, tuna simu, tunajua kuchekesha. Umoja wa Mataifa ulisema mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na maonyo ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kila mtu ni pamoja na mamangu na karai lake.

Nne, kaunti ihesabu vifo vya Februari na Machi na kuvilinganisha na vya Julai na Agosti. Takwimu tu. Tuone.

Wakati tunangoja wakubwa, haya unaweza kufanya mwenyewe, bila kibali cha mtu. Usingoje kiu, kunywa kidogo kidogo siku nzima. Ukitoka jasho jingi, maji matupu hayatoshi, unahitaji chumvi pia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Dafu pia ni zuri. Lowesha leso uiweke shingoni, kisha kaa mbele ya feni. Maji ya leso yanafanya kazi ya jasho. Funga pazia upande wa jua mchana, fungua kila kitu usiku. Dari ya maboksi chini ya bati ni bora kuliko bati tupu, ila iweke mbali na moto na nyaya. Mzazi akimeza dawa za presha, hasa zile za kukojoza, asiziache, lakini aulize kliniki kuhusu maji na joto kabla msimu haujaanza.

Na jifunze tofauti hii, inaweza kuokoa mtu. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho jingi, misuli kukaza: huyo amechoka na joto. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji, mpepee. Lakini akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kuanguka, kupoteza fahamu, huku mwili unawaka: hicho ni kiharusi cha joto na kila dakika ina hesabu. Usiseme ana mapepo, usiseme amelewa. Mwage maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu kwapani na shingoni kama ipo, na wakati huo huo mtu mwingine atafute gari la hospitali. Asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Unamjua mtu anayelala peke yake juu ya ghorofa chini ya bati, mzee, mgonjwa, mama mwenye kichanga? Mgongee mlango jioni. Usiku wa tatu wa joto ndio wa kumwangalia zaidi.

Sasa ingieni kwenye komenti. Sitaki "poleni watu wa Mombasa". Niandikieni mtaa wako, kazi yako, na saa ambayo joto linakushinda kabisa. Wa Kisumu pia, na ziwa lenu, najua unyevu mnaujua. Wa Garissa na Lodwar, tuambieni usiku wenu. Nitayakusanya yote na kuyapeleka kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, kwa mkono, kabla kaskazi haijaanza. Wao wana kipimajoto. Sisi tuna miili milioni na zaidi inayopima kila siku, na mpaka sasa hakuna aliyetuuliza inasoma ngapi.